Mwaka Kangaga Ilipofunika Malisho

Nilikozaliwa, Kasanda, upande wa Kibondo, hatukufuga ng'ombe. Mbung'o hawakuruhusu. Tulikuwa na mbuzi wachache, kuku, mihogo na mizinga ya nyuki, na mtoto aliyetaka kumwona ng'ombe alisubiri mpaka wachuuzi wapitishe kundi barabarani, wakilikimbiza ili litoke kwetu kabla nzi hawajaligundua. Kwa hiyo nilipoolewa milimani, upande wa Buhigwe, mimi mwanamke mzima niliogopa mnyama ambaye watoto wa huko walilala mgongoni mwake.

Mama mkwe hakunicheka. Alinishika mkono, akauweka shingoni mwa ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu kuliko zote zizini, akasema, "Msikilize anavyocheua. Akiwa anacheua hana shida na mtu."

Nilisikiliza. Shingo ilikuwa ya moto na kitu kilikuwa kinapanda na kushuka ndani yake. Tangu siku hiyo nilianza kuwazoea, ingawa pembe niliendelea kuziheshimu.

Baba mkwe alikuwa amefariki kabla sijaolewa. Mwenye neno katika ukoo alikuwa mdogo wake, ambaye mume wangu alimwita baba mdogo na mimi nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ndogo. Sikuwahi kumsikia akigomba. Ng'ombe wengi wa ukoo walilala kwake, na yeye ndiye aliyeamua walishwe kilima kipi na kipi kipumzike. Wakati ule kila kaya ilikaa kwenye mgongo wake wa mlima, mbali na nyingine, na malisho yalikuwa mengi. Nyasi zilifika kifuani, na kiangazi kilipokolea ziligeuka nyekundu, upepo ukipita mlima mzima unainama na kuinuka. Kuchoma moto kulikuwa na wakati wake na watu wake. Hakuna aliyewasha kiberiti kwa sababu tu alijisikia.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijijini. Wengi wenu mnaijua habari hiyo, sitaieleza sana. Nitasema tu kwamba asubuhi ya kuhama mgambo walitoa paa la nyumba yetu ili tusiwe na pa kurudi, na mama mkwe alikaa juu ya kinu chake uani mpaka tulipomwinua. Tulipelekwa kando ya barabara, tukapimiwa viwanja kwa mistari, na tukaambiwa kwamba mahame yetu, yaani kule tulikotolewa, yamefungwa. Ilikatazwa kwenda kulala huko, kulima huko, au kulisha huko. Atakayekamatwa atajibu ofisini.

Nyuma ya kijiji kulikuwa na mlima mmoja mkubwa, mzuri. Ng'ombe wa vilima vyote sasa walipanda mlima huo mmoja.

Mwaka wa kwanza hatukuona kitu. Mwaka wa pili nyasi ndefu hazikupata nafasi ya kutoa mbegu. Kabla hazijafika magotini zilikuwa zimekwisha kung'olewa. Mahali pake ukatambaa ukoka, mfupi, ulioshikilia ardhi kama mkeka. Tukasema si mbaya, ukoka nao ni chakula. Lakini kwato zilikuwa nyingi mno, na kwenye miteremko hata ukoka ulichanika. Zikaja nyasi za bua jembamba, ngumu kama waya, ambazo ng'ombe alizing'ata mara moja akaziacha. Kati ya mafungu yake udongo mwekundu ulikuwa wazi, na mvua ikinyesha ulishuka mpaka kisimani.

"Majani matamu yanakwisha kwanza kwa sababu ndiyo yanayoliwa kwanza," mama mkwe aliniambia siku moja tukichota maji yaliyokuwa na rangi ya chai. "Yanabaki yale yasiyopendwa. Hayo sasa yana nafasi ya kuzaana."

Hakusema kwa kutabiri. Alikuwa anakung'uta kata yake tu. Lakini kiangazi kile kilirefuka, mwezi wa mvua ukafika bila mvua, na ng'ombe wakaanza kuonyesha mbavu. Wanaume walikutana wakakubaliana kuuchoma mlima, ili majani mabichi yachipue. Baba mdogo alikuwa wa mwisho kukubali. Alisema ardhi haina unyevu, moto utaondoa hata kile kidogo kilichopo. Wakamuuliza ana shauri gani jingine, naye hakuwa nalo.

Mlima uliungua tangu asubuhi mpaka jioni. Majivu yaliangukia vyungu vyetu. Kisha tukasubiri, na nyasi hazikutoka, kwa sababu nyasi zinangoja mvua. Kilichotoka ni kangaga.

Kangaga ilikuwepo tangu zamani, mashina machache kwenye kingo za mabonde, wala hakuna aliyeijali. Majani yake yamechanikachanika kama unyoya wa ndege. Mizizi yake inalala chini sana, inatembea huko chini kama kamba, moto hauifikii, na unyevu inaupata pale ambapo nyasi hazifiki. Ikichipua inatoka imejikunja kama ngumi ya kichanga. Katika muda mfupi mlima uliokuwa mweusi ulijaa ngumi hizo, kisha zikafunguka, na ukiutazama kutoka barabarani ulikuwa wa kijani kabisa. Watu walifurahi. Mbuzi wetu waliisogelea, wakanusa, wakaenda zao. Ng'ombe nao, siku za kwanza, walizunguka wakitafuta kitu kingine. Hakikuwepo. Njaa ikawafundisha kula.

Sisi tulikuwa na mtamba mmoja mweusi ambaye hakupanda mlimani. Kabla ya mlima kuchomwa aliteleza kwenye mawe akaumia mguu wa nyuma, akawa anakanyaga kwa ncha ya kwato tu. Mume wangu alimfunga nyuma ya nyumba, na kazi ya kumtafutia chakula ikawa yangu. Niliokota maganda ya ndizi, nikakata majani ya viazi, nikazunguka kando ya barabara na mundu wangu. Havikutosha. Mtamba alinitazama kila nilipopita.

Mama mkwe ndiye aliyeniambia, akiwa anapepeta maharage, bila kuinua uso. "Kule kwetu majani yapo."

"Mama, kumefungwa."

"Ninajua kumefungwa. Nimekwambia tu kwamba yapo."

Nilikwenda kesho yake asubuhi, nimebeba kamba kama mtu anayekwenda kutafuta kuni. Nilipokaribia sikuitambua njia. Nyasi ndefu, bila jino la kuzikata tangu tulipoondoka, zilikuwa zimenipita kimo, zile za zamani zimekauka na kulaliana, mpya zinapenya kutoka chini. Vichaka vilikuwa vimeanza kusimama katikati yake, miti midogo ambayo zamani ng'ombe na moto havikuiacha ikue. Kuta za nyumba yetu zilikuwa zimefika kiunoni. Lakini pale lilipokuwa zizi, juu ya samadi ya miaka mingi, yalikuwa yameota majani mengine kabisa, mapana, laini, ya kijani kibichi katikati ya ukame ule. Nilipiga magoti nikaanza kukata.

Niliogopa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa mgambo. Cha pili kilikuwa chui, kwa sababu kila mtu alisema watu walipoondoka wanyama walirudi, na karibu na mfereji wa zamani niliona unyayo mpana, wa duara, usio na alama ya kucha. Nilifunga tita langu nikaondoka nikitembea kinyumenyume.

Lakini mtamba alikula, na kesho kutwa nikarudi. Nikarudi tena na tena. Safari moja, nikiwa nimeinama, nyasi upande wa bonde zilianza kuachana. Hapakuwa na upepo. Kitu kilikuwa kinakuja taratibu katika mstari, nyasi zinafunguka mbele yake na kufunga nyuma yake, na sikukiona. Kikasimama. Nilisikia kikivuta pumzi, au nilisikia yangu. Nilikuwa na mimba changa wakati huo, nami nilishika tumbo kwa mkono mmoja na mundu kwa mwingine. Kisha nyasi zikaanza kuachana tena, kuelekea chini, mpaka zikatulia. Sijui hata leo kilikuwa nini. Njia nzima ya kurudi nilihisi kitu kikinitazama kisogoni, lakini sikulitupa tita.

Ng'ombe wa kwanza kuumwa alikuwa yule mwekundu. Alisimama asubuhi moja peke yake, kichwa chini, hacheui. Mama mkwe alimpitisha mkono mgongoni, akaurudisha umelowa. Tukadhani ni umande. Ilikuwa damu. Kila mahali nzi alipomuuma palitoka tone dogo, likateremka juu ya manyoya, lingine likatoka. Adhuhuri ilianza kutoka puani. Kinyesi kilikuwa cheusi kama lami. Kesho yake alikufa amenyoosha shingo kuelekea mlangoni.

Baada yake alifuata fahali wa baba mdogo, kisha ng'ombe wawili wa jirani zizi moja, kisha wengine. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Ugonjwa wa ndigana tuliujua, kupe wanaouleta tuliwajua, lakini ng'ombe kutoka jasho la damu hakuna aliyekuwa na jina lake. Watu walikataa hata kula nyama. Katika kijiji ambacho watoto walikuwa hawajaonja nyama muda mrefu, tulichimba mashimo tukafukia mizoga mizima, na wachimbaji waliosha mikono kwa majivu mpaka ikapauka.

Hofu ilibadilisha kijiji kuliko amri ya kuhama. Watu waliacha kuazimana moto. Waliacha kupeana maziwa. Kina mama waliwaita watoto ndani kabla jua halijagusa mlima. Mtu akipita karibu na zizi lisilo lake aliitwa kwa sauti, aulizwe anatafuta nini. Na kwa sababu jambo lisilo na jina lazima lipate mwenyewe, watu wakaanza kutazamana.

Baba mdogo alikuja nyuma ya nyumba yetu jioni moja. Alisimama akimtazama mtamba mweusi. Mguu wake ulikuwa umekaribia kupona, manyoya yake yanang'aa, na alikuwa amelala anacheua kama hakuna msiba duniani.

"Mkamwana, huyu anakula nini?"

"Majani, baba."

"Ya wapi?"

Nilifikiri ofisi. Nilifikiri mume wangu akiulizwa kwa nini mkewe amevunja amri. "Ya kuokotaokota, baba. Huko huko mlimani."

"Mlimani," alisema. "Mlima ninaujua." Akaondoka polepole, na nilijua kwamba nimekwisha kujifunga kamba mwenyewe.

Kesho yake nilifika kisimani nikasalimia, "Mwakeye," kama kila siku. Wanawake waliinua mitungi yao wakaanza kuondoka, na mmoja, ambaye tulipanda naye maharage shamba moja, alipita akiwa ameficha mwanawe upande wa pili. Hapo ndipo nilipoelewa. Maneno yenyewe niliyasikia baadaye kwa mume wangu, ambaye alinieleza ameketi kitandani, hanitazami. Walisema huko Kibondo nilikotoka hakuna ng'ombe, na asiye na ng'ombe hataki mwenzake awe nao. Walisema nimeonekana nikitoka porini asubuhi na mafungu. Walisema ng'ombe wa kijiji kizima wanatoka damu isipokuwa wangu.

"Na wewe unasemaje?" nilimwuliza.

"Nasema ni mke wangu."

"Sikuulizi hilo."

"Naogopa," alisema. "Ndivyo ninavyosema. Wamekwisha kumtuma mtu kumleta mpiga ramli."

Nilijua maana yake. Mama mkwe aliwahi kunisimulia habari ya mwanamke wa kilima kingine, zamani, ambaye ramli ilimwangukia. Hakunieleza mwisho wake; alifika katikati akaenda kuchochea moto. Siku zile nililala na khanga nimejifunga na viatu vya plastiki karibu na mlango. Sikujua ningekimbilia wapi. Mahame tu ndiyo yaliyonijia akilini, zile nyasi ndefu, na nilijiuliza kipi ni afadhali, chui au watu ninaowajua kwa sura.

Mpiga ramli alichelewa. Aliyewahi kufika ni bwana mifugo kutoka Kasulu, kwa pikipiki iliyojaa vumbi mpaka kwenye kofia yake. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amepeleka habari wilayani muda mrefu, na watu walikuwa wamekwisha kuisahau habari hiyo. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye subira. Alimkuta ng'ombe amekufa asubuhi hiyo zizini kwa baba mdogo, akavua shati, akampasua mbele ya watu wote. Ndani kulikuwa na mabaka ya damu kila mahali, kwenye moyo, kwenye matumbo, kama mtu aliyepigwa. Akasimama akinawa.

"Si kupe," alisema. "Na sidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, kwa sababu ndama wanaonyonya hawaumwi. Nadhani ni kitu wanachokula, ila sina uhakika. Kuna ng'ombe yeyote hapa ambaye hajaguswa kabisa?"

Vichwa viligeuka, kimoja kimoja, mpaka vyote vikawa vimeelekea kwangu.

Nilimpeleka nyuma ya nyumba alikofungwa mtamba, mwenyekiti na mgambo nyuma yetu, na watu nyuma yao. Alimshika mtamba fizi, akamtazama macho, akaniuliza kwa upole, "Dada, huyu unamlisha nini?"

Nikisema mlimani, mimi ni mchawi. Nikisema mahame, nimevunja amri mbele ya aliyeitoa. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa umati na sikuweza kuuona uso wake.

"Majani ya mahame," nilisema. "Ya kwenye zizi letu la zamani. Hajawahi kupanda mlimani tangu uchomwe."

Mwenyekiti alisogea mbele. "Nani alikuruhusu kwenda mahame?"

Nilihisi mgambo mmoja akihama mguu. Ndipo mama mkwe, ambaye siku zote zile hakuwa amesema neno lolote la kunitetea wala la kunilaumu, aliacha fimbo yake ukutani akaja kusimama kando yangu.

"Nilimtuma mimi," alisema. "Nyumba ile ilikuwa yangu. Kama kuna wa kujibu ofisini, nitatembea mwenyewe."

Alinishika mkono, akaukaza hata ukauma, na nikajua kwamba alikuwa ameogopa kuliko mimi, muda wote ule, na kwamba ndiyo sababu ya kimya chake.

Bwana mifugo hakungoja wamalize. Aliomba apelekwe mlimani. Tulipanda wengi. Alitembea ndani ya kangaga iliyomfika magotini, akachuma unyoya mmoja akaugeuzageuza, kisha akatafuta nyasi kati ya mashina, na hakuna mahali alipopata za kujaza kiganja.

"Mmea huu nilifundishwa," alisema. "Nilifundishwa kwamba ng'ombe akiula kidogo hadhuriki, akiula kila siku, wiki nyingi, damu inasahau kuganda. Sijawahi kuona kwa macho mpaka leo." Akatuambia tuwaondoe ng'ombe wote mlimani siku hiyo hiyo, na tusiuchome tena, kwa sababu kila moto unaisaidia kangaga na kuziumiza nyasi. Akasema pia, na alilirudia mara mbili, kwamba baadhi ya waliokwisha kula wataendelea kufa hata baada ya kuondolewa, kwa kuwa sumu iko ndani tayari. Hilo la mwisho watu hawakulisikia. Walikuwa wanazungumza, wengine wanacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mwenyekiti aliruhusu ng'ombe walishwe mahame, mchana tu. Hakuniita ofisini. Mpiga ramli alipofika alirudishwa njiani kwa heshima.

Nililala vizuri kwa muda mfupi. Kisha ng'ombe wa baba mdogo, aliyekuwa amekwisha kushiba majani ya mahame, akaamka na damu puani.

Halafu mwingine. Halafu wawili kwa pamoja. Na sasa ilikuwa vibaya kuliko mwanzo, kwa sababu watu walikuwa wamepewa tumaini na wakaona wamedanganywa. "Tumewaondoa kwenye kangaga na bado wanakufa," walisema. "Sasa wanakula majani yale yale aliyokuwa akiyakata yeye." Nilipomkumbusha mume wangu maneno ya bwana mifugo, alisema, "Mimi nayakumbuka. Wewe waendee ukawakumbushe wao." Jioni hiyo tulikuta mlangoni umelazwa mzoga wa ndama aliyekwisha kuacha kunyonya, miguu imefungwa kwa kamba ya kuni kama yangu.

Mume wangu hakungoja. Kulipopambazuka alinisindikiza kwa njia ya migombani mpaka barabara kubwa, akaniombea nafasi kwenye lori la mahindi lililokuwa likienda Kasulu. Kasulu nilipata gari jingine la kwenda Kibondo, nikakaa juu ya magunia pamoja na familia ya Warundi waliokuwa wakirudi Makere, watu wanne na godoro moja. Mama wa familia ile aliniuliza ninakimbia nini. Nilisema nakwenda kumwona mama. Alinitazama, akanimegea muhogo, hakuuliza tena. Alikuwa anajua sura ya mtu anayekimbia.

Nilikaa kwetu Kasanda mpaka mimba ikawa kubwa. Mvua zilikuwa zimefika kwa nguvu, nyasi za kwetu, ambazo hazina wa kuzila, zilifunga njia, na mbung'o walituuma tukielekea mashambani. Nilikuwa salama, na niliogopa kila siku. Niliogopa kwamba wamemdhuru mama mkwe. Niliogopa kwamba mume wangu ameoa, au kwamba hofu aliyonikiri kitandani imekuwa imani. Usiku niliota ng'ombe wakicheua, na nilipoamka nilisikiliza nisisikie kitu.

Walikuja wawili, mume wangu na baba mdogo, na mtungi wa pombe kama desturi inavyotaka mkwe anapokuja kumfuata mke. Baba mdogo alikuwa amekonda. Aliketi kwenye kigoda mbele ya baba yangu, magoti juu, mtu mrefu kwenye kigoda kifupi.

Baba yangu hakuugusa mtungi. "Mmekuja kumchukua mchawi wenu?" aliuliza.

"Tumekuja kumchukua binti yako," alisema baba mdogo. "Ng'ombe wameacha kufa. Waliobaki ni wachache, lakini wazima. Ilikuwa kama bwana mifugo alivyosema. Wale waliokula sana walikwisha, na baada yao hakuna aliyeumwa."

"Na kama wangeendelea kufa?"

Mume wangu alitazama chini. Baba mdogo alimtazama kuku mmoja akiingia ndani na kutoka. Alikuwa na uwezo wa kudanganya, na ingekuwa rahisi.

"Sijui, ndugu yangu," alisema. "Namshukuru Mungu sikulazimika kujua."

Baba yangu alinigeukia akasema uamuzi ni wangu. Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Nilimkasirikia baba mdogo kwa jibu lile, na pia ndilo jibu pekee ambalo ningeweza kuliamini. Niliporudi nilisema nitakwenda, kwa sharti kwamba nyumba yetu ihamishwe upande wa pili wa kijiji, mbali na zizi lake. Alikubali kabla sijamaliza kusema.

Mwanangu alizaliwa huko milimani, mikononi mwa mama mkwe. Mlima ulifungwa. Kila masika kijiji kizima kilipanda kung'oa kangaga kwa majembe na mikono, nayo kila mwaka ilirudi, dhaifu kidogo. Katikati yake ukoka ulianza kurudi kutoka kwenye kingo, kisha zile nyasi za waya, na baada ya miaka, kwenye bonde lililopata udongo, niliona mafungu machache ya nyasi ndefu zikigeuka nyekundu. Upande wa mahame mambo yalikwenda kinyume. Ng'ombe walipozidi, nyasi zilianza kuwa fupi, na wanaume wakaanza kubishana juu ya kilima kipi kipumzike, na safari hii walibishana mapema.

Baba mdogo alikuwa akija mlangoni kwangu kila asubuhi kunijulia hali, yeye mkubwa akitangulia kunisalimu mimi mdogo, na aliendelea hivyo mpaka alipofariki. Niliitikia kila asubuhi, nikampa kigoda na uji. Lakini akiondoka kuelekea zizini, na mtoto akataka kumfuata, nilimwita mtoto arudi ndani.